Shafti Iliyopigiwa Vigelegele

Kwa Edina Theophil,
Jengo la Tianxiu, Xiaobei,
Guangzhou, China.

Tarehe 9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu William,

Pokea salamu zangu kutoka ugenini. U hali gani, na shemeji yangu Martina hajambo? Natumaini kifua chake kimetulia baada ya masika, na kwamba mmeacha ile tabia ya kulala madirisha yakiwa wazi kwa kisingizio cha hewa safi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo madaktari wa hapa wamelidunga sindano na kunikataza ngazi. Edina mwanangu hajambo, naye anawasalimu nyote. Tunamshukuru Mungu kwa hayo.

Joto la huku ni la unyevu. Ukianika shati asubuhi, jioni bado limelowa, na ukilisahau siku mbili linaota ukungu makwapani. Edina hununua suruali za jumla huko Shahe, anazipeleka kwa mawakala wa mizigo wa Sanyuanli, kisha anarudi akinuka rangi ya jinzi mpya. Nilifuatana naye Shahe mara moja. Watu walikuwa wanatembea juu ya marobota ya nguo kwa viatu, na nguo hizo ndizo mtakazovaa kanisani Krismasi. Sirudi tena.

Lugha nayo imewaponyoka vijana wetu. Mwenye duka wanamwita laoban, na kitu kisipokuwapo wanasema meiyou, hata wakizungumza Mtanzania na Mtanzania mwenzake. Juzi nilimwomba kijana mmoja wa Arusha, jirani yetu hapa, aniazime chumvi. Akanijibu, "Meiyou." Nikamwuliza kama kilichoisha ni chumvi au ni adabu. Akasema, "Vyote, mzee," akaenda zake akicheka. Nilikula mayai bila chumvi.

Hayo ni madogo. Nimeketi kukuandikia kwa sababu ya mashine ya ushirika, na nimeandika kwa mkono kwa makusudi. Judica, mfanyabiashara wa Moshi, anasafiri keshokutwa na ameahidi kukukabidhi bahasha hii yeye mwenyewe. Maneno haya hayafai kuandikwa kwa kidole gumba katika kundi la ukoo, ambamo watu watayajibu kwa vikaragosi vya mikono iliyofumbatana.

Uliponiomba nisimamie matengenezo ya kompresa yake, iliyosafirishwa huku pamoja na kabati lake la umeme, kwa kuwa nilifundisha ufundi mitambo hadi nilipostaafu na goti lilikuwa limekwisha kunileta huku, nilikubali kwa moyo mmoja. Lakini uliongeza agizo. Ulitaka nihakikishe karakana inaandika kwamba mpwa wetu Humphrey, mwendeshaji wake, ndiye aliyeiharibu kwa uzembe, kwamba alisinzia zamuni umeme ulipokatika alfajiri ile, ili mkutano wa wanachama wa Jumamosi ya tarehe 21 umfukuze kazi ukiwa na taarifa ya wataalamu mkononi. Agizo hilo sikulipenda tangu siku ile. Mtu hampeleki mgonjwa hospitali huku amekwisha kumwambia daktari jina la ugonjwa.

Karakana iko nje ya mji. Mhandisi wake ni Bwana Liang, mtu wa makamo, asiyesema sana, anayekunywa maji ya moto kutoka katika chupa hata katika joto hili. Mkalimani wangu ni Jaffari, kijana wa Tanga anayesomea uzamivu wa uhandisi katika chuo kikuu cha hapa. Huyu anaswali kwa wakati, anaamkia wakubwa, na Kiswahili chake kimesimama wima. Nimeona nikutajie, usije ukadhani nimekwisha kukata tamaa na vijana wote.

Kabla sijakueleza tulichokiona, nitakueleza namna mashine ile inavyofanya kazi, kwa sababu sasa ninajua kwamba uliposimama jukwaani kama mwenyekiti wa ushirika hukuwa unafahamu unachokizindua.

Mashine hupoza hewa mpaka naitrojeni iliyomo igeuke kuwa kimiminika, kile kinachogandisha mbegu za madume ya ng'ombe zisiharibike. Baridi yake ni kali mno hata mafuta ya kulainishia yangekuwa jiwe. Kwa hiyo shafti ya kompresa haikalii beringi za mafuta kama ya mashine ya kusaga. Inaelea. Sumaku zimeizunguka na kuivuta pande zote, na vifaa vidogo vinaitazama kila nukta ili isiguse popote. Inazunguka hewani, William, kwa kasi ambayo macho hayawezi kuiona. Pembeni kuna beringi mbili ndogo za akiba, ambazo kazi yake ni kuidaka shafti siku sumaku zikizimika ghafla. Fikiria wavu wa mwanasarakasi. Umetandikwa kwa ajili ya siku ya ajali, si kwa ajili ya kurukiwa kila mara.

Walipofungua kifuniko, ilitoka harufu ya chuma kilichoungua, nami nikarudi nyuma. Beringi za akiba zilikuwa zimesagika. Gololi zake zilikuwa na madoa ya buluu, nyingine zimepasuka, na unga mweusi ulikuwa umetapakaa ndani kama masizi ya jikoni. Shafti yenyewe, ambayo ilitoka kiwandani ikimeta kama kioo, ilikuwa na makovu ya mviringo, moja juu ya jingine. Bwana Liang alipitisha ukucha juu yake, akanitazama, akanywa maji yake ya moto.

"Anauliza kama umeme wa kwetu hukatika," Jaffari akasema.

"Mwambie hukatika," nikajibu.

Liang akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyemaliza kazi. Karani wake akachukua kalamu. Kwao jambo lilikuwa limekwisha: umeme umekatika, shafti imeanguka, mwendeshaji amesinzia. Ningenyamaza pale, ungepata taarifa yako, na mtoto wa dada yetu angekuwa amekwisha.

Nikamwambia Jaffari aulize kuhusu betri. Katika kabati la umeme la mashine ile mna betri ambazo, umeme ukikatika, huendelea kuzilisha sumaku mpaka shafti ipunguze mwendo na kutua polepole. Kama betri ni nzima, umeme ungeweza kukatika kila siku na shafti isipate hata mkwaruzo. Liang akakubali, ingawa bila furaha. Waliunganisha betri zetu na kabati letu kwenye mashine yao ya majaribio ya aina ile ile, wakaiwasha, kisha wakauchomoa umeme. Shafti ilizunguka, ikapunguza mwendo, ikatua kama paka. Wakarudia. Ikatua vile vile.

Basi hapo shtaka la Humphrey lilikufa. Hata kama alisinzia alfajiri ile, hata kama alikoroma, betri zilifanya kazi yake bila yeye. Mashine iliyolia na kujizima alipoiwasha asubuhi ilikuwa imekwisha kuuawa kabla ya siku hiyo.

Lakini iliuawa na nini? Jaffari alidhani ni unyevu katika viunganishi vya nyaya. Wakavifungua vyote, vikawa vikavu na safi. Wakapima vile vifaa vinavyoitazama shafti, vikasoma sawasawa. Wakapima sumaku, nzima. Liang alianza kukasirika, na mimi humpenda fundi anayekasirika kwa sababu hajaelewa. Mwishowe aliamua kusafisha kabati ili aanze upya. Akafungua feni ya kupozea, akaingiza kibano, akavuta kitu.

Kilikuwa kirefu kama kiganja, chekundu, chenye manyoya ya plastiki yanayometameta. Akakishika juu kwenye mwanga.

"Mzee," Jaffari akasema kwa sauti ya chini, "anauliza hiki ni sehemu gani ya mashine."

Nilikitambua mara moja. Ni lile pambo ambalo akina mama hulifunga kwenye gari la bibi harusi. Uso ulinichoma. "Mwambie ni pambo la harusi."

Wakasemezana kidogo. "Anauliza mashine imeolewa na nani."

Hakuwa anatania. Nilitamani ardhi ya karakana ile inimeze pamoja na goti langu. Ndipo nilipokumbuka video uliyoituma katika kundi la ukoo siku ya uzinduzi, ile uliyoandika chini yake, "Historia imeandikwa." Nilikuwa sijaitazama hadi mwisho, maana ilikuwa ndefu na ilianza na muziki. Nikamwambia Jaffari aifungue katika simu yangu.

William, tuliitazama sisi watatu tukiwa tumesimama mbele ya ile shafti yenye makovu.

Nimeona turubai, viti vilivyovalishwa vitambaa kama mabibi harusi, na kabati la umeme limefungwa mapambo mpaka matundu ya feni hayaonekani. Nimeona keki. Nimemwona mgeni rasmi akikata utepe na kubonyeza kitufe cha kijani, na mashine ikaanza kuvuma vizuri. Hapo palitosha. Mahali penye akili, watu wangesali, wangekula, wangekwenda nyumbani. Lakini mfadhili naye alitaka azindue. Mchungaji naye alitaka. Wajumbe wa bodi nao wakajipanga, kila mmoja apigwe picha kidole chake kikiwa kwenye kitufe, na ili mtu aiwashe mashine ni lazima kwanza izimwe.

Kuizima ipasavyo huchukua karibu robo saa, kwa kuwa shafti hupunguzwa mwendo kidogo kidogo. Mgeni wa heshima hawezi kungoja robo saa, wala keki haiwezi. Kwa hiyo ukatafuta njia ya mkato. Kuna kitufe kikubwa chekundu kwenye mlango wa kabati. Kimewekwa kwa ajili ya moto. Ukikibonyeza hukata kila kitu kwa pigo moja, umeme, betri na sumaku, ili mzimamoto asiuawe na umeme. Na shafti iliyokuwa ikielea kwa kasi yake yote huanguka juu ya beringi za akiba.

Sarah binti yako ndiye aliyeshika simu, na alikuwa amesimama karibu sana na kabati, kwa hiyo kila neno linasikika. Anasikika Humphrey akisema, "Mjomba, hiki tena?" Nawe unasikika, mdogo wangu, sauti ninayoijua tangu ulipokuwa ukinyonya: "Bonyeza. Usinitie aibu mbele ya watu."

Akabonyeza. Wakati huo huo akina mama wakapiga vigelegele kumkaribisha mgeni anayefuata. Bwana Liang akainua mkono. Akachukua simu, akairudisha nyuma, akaiweka sikioni, akafumba macho. Chini ya vigelegele ilisikika sauti nyingine, nyembamba na kali, kama kisu juu ya sufuria, ikishuka mpaka ikakatika. Liang akasema neno moja kwa Kichina, nami sikuhitaji mkalimani. Akasogeza mbele hadi mgeni mwingine. Ikalia tena. Kila aliyezindua aliiangusha. Yule mshereheshaji mliyemleta kutoka mjini aliisikia kuliko wote, akatamka katika kipaza sauti, "Sikieni wapendwa, hata mashine yenyewe inapiga kigelegele! Mpokeeni mheshimiwa!" Nawe ukapiga makofi.

Jaffari akazima simu bila kuambiwa.

Nimeona mashine nyingi zilizoharibika, na sijawahi kuionea haya hata moja. Siku ile nilitoka nje nikasimama kivulini. Kifaa ambacho watu wa mlimani wamekingoja ili mbegu za madume bora zihifadhiwe, ili mjane mwenye ng'ombe mmoja apate ndama wa maana, tumekiua kwa kukishangilia. Tumekiwasha na kukizima kama mtoto anayechezea swichi ya taa, tena tukiwa tumevaa suti.

Hata hivyo, hilo si jambo linalonikera kuliko yote. Hukujua kwamba unaiua. Kitufe kile mlikielezwa kwa haraka, na asiyejua hana hatia kubwa. Linalonikera ni yaliyofuata. Mashine ilipokataa, hukuulizwa chochote, na ukaona ni nafuu. Kamati iliponyoosha kidole kwa Humphrey, wewe uliye mwenyekiti na mjomba wake ulikaa kimya. Baadaye hukukaa kimya tena, ukasema alilala. Ulimwona akilala? Nakuuliza kama kaka yako. Ulimwona?

Dada yetu Bertila alinipigia simu Jumapili. Hakulalamika, unamjua. Alisema tu kwamba akifika kituo cha kukusanyia maziwa wanawake wanasogeza ndoo zao, na kwamba Humphrey amefunga begi, anasubiri mkutano upite aende Dar es Salaam akatafute kibarua chochote mahali ambapo hakuna anayemjua. Kisha akaniuliza, "Kaka, mashine inaumwa nini?" Nikamwambia bado tunatafuta. Huo ndio mzigo ulionitwisha. Niliona haya kumwambia dada yangu kwa simu kwamba ugonjwa wa mashine ni ndugu yake.

Bwana Liang aliponiona nimerudi ndani na uso wa namna ile, alitoa shauri. Angeweza kuandika kwamba ni uchakavu wa kawaida. Hakuna atakayelaumiwa, na mzee hataaibika. Alisema kwa upole na alidhani ananisitiri. Nilimshukuru, nikakataa. Maneno "uchakavu wa kawaida" yangekuokoa wewe, na hayangemwokoa Humphrey, kwa kuwa watu wangesema mjomba wake wa China amemfichia. Tena mwaka ujao mngezindua ukarabati, na kitufe chekundu kingekuwa pale pale. Nimemwambia aandike alichokiona na alichokisikia. Ataandika.

Humphrey naye nitampa sehemu yake. Alihisi jambo si sawa, akauliza mara moja, kisha akatii. Nitamwambia kwamba mjomba huheshimiwa, na moto huheshimiwa pia. Lakini yeye alitii amri, na amri ilitoka kinywani mwako.

Sasa sikiliza nitakalo. Kabla ya mkutano, nenda kwa Bertila. Usiende na gari la ushirika, wala usimtume Martina na sukari. Nenda kwa miguu, ukiwa na jani la sale lililofungwa fundo, kama wazee wetu walivyotufundisha mtu anapomkosea ndugu. Mpe mkononi, Humphrey akiwapo. Unajua naye anajua kwamba jani hilo halikataliwi. Usieleze mambo ya sumaku. Sema ulichofanya, kisha unywe atakachokupa.

Jumamosi, kabla ajenda haijasomwa, simama useme mbele ya wanachama, "Ni mimi niliyeagiza." Taarifa ya Liang itatumwa kwa katibu siku ya Ijumaa jioni. Ukisema kabla haijasomwa, itathibitisha kwamba mwenyekiti wao ni mkweli. Ukingoja isomwe, itathibitisha jambo jingine, nami sitainua simu kukutetea. Sijamwandikia mjumbe yeyote. Nimekuachia wewe neno la kwanza, na hiyo ndiyo heshima yote niliyobaki nayo kwako kwa sasa.

Wakati mashine bado iko huku, hakikisha mitungi ya mbegu haikosi naitrojeni ya kuazima kutoka mjini. Pima kina kwa kijiti kila asubuhi, wala usikubali kuambiwa tu kwamba ipo. Ile mirija yenye mbegu zilizogandishwa ikiyeyuka, mbegu zote za madume tuliowachagua kwa taabu zitakuwa uji, na hakuna karakana duniani inayotengeneza hilo.

Mafundi wa hapa wanaisugua shafti na kuweka beringi mpya. Itakapofika, usikodi turubai, usioke keki, usimwalike mtu. Humphrey aiwashe, mlango ukiwa umefungwa. Wewe simama nje usikilize. Ukisikia mvumo mdogo usiobadilika, rudi nyumbani ukale chakula.

Nisalimie Martina, na umwambie ajifunike kifua. Msalimie Sarah, umwambie babake mkubwa anamshukuru kwa kushika simu vizuri. Msalimie Humphrey, afungue begi. Kwa Bertila usifikishe salamu zangu, nitampigia mwenyewe utakapokuwa umekwisha kufika. Mungu aliyewatunza wazazi wetu katika haki yao aupe ulimi wako nguvu, azilinde nyumba zenu na mifugo yenu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Theophil

Tanbihi: Ndani ya bahasha utakuta lile pambo. Bwana Liang alitaka kulitupa, nikamwomba. Liweke katika mfuko wa koti utakapokuwa unasimama Jumamosi, ulishike ukiona sauti inakukwama.